Sura ya Tano: Mlima Usiogeuzwa Shamba la Bibi

Popote ninapozungumza na watu wa vijijini, swali hili hunifuata: kwa nini kitu cha wote hakidumu? Huuliza mzee aliyechangia bomba la maji likakauka, huuliza mfugaji ambaye nyanda za malisho alizozikuta na babu yake leo ni vumbi. Wengine hawaulizi tena, wameshajijibu. Husema cha wote ni shamba la bibi, kila mjukuu huingia kuchuma na hakuna anayepalilia.

Nilikulia chini ya milima ya Upare. Nikiwa mtoto, kijijini kwetu tulifungiwa pampu ya mkono, na siku ya kuizindua wazee walichinja mbuzi. Haikupita miaka mingi pampu ikakatika raba, kitu cha ukubwa wa kiganja ambacho bei yake isingefika ya kuku mmoja. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyegombana. Kila mtu alimngoja mwenzake, na mama zetu wakarudi mtoni na ndoo.

Kumbe juu yetu, mwendo wa saa moja kupanda, kulikuwa na ndiva. Kwa asiyeijua, ndiva ni bwawa dogo la Wapare linalokinga maji ya mfereji usiku, kisha hufunguliwa asubuhi ili mashamba yanyweshwe kwa zamu. Ile ndiva ilichimbwa na babu za babu zetu, haikuwa na mfadhili wala kibao cha uzinduzi, na kila msaragambo ulipoitwa, yaani siku ya kazi ya pamoja, watu walikwenda na majembe kuzoa tope. Watu walikuwa wale wale, wa koo zile zile. Pampu ilikufa na ndiva ikaishi.

Ili kulijibu swali hili nakupeleka mbali kidogo, kwenye kijiji cha mlimani huko Uswisi. Nimekichagua kwa sababu moja: wao waliandika. Karatasi zao zina zaidi ya miaka 500, na tunaweza kuona hatua kwa hatua walichofanya.

Hesabu ya wafugaji kumi

Kwanza tuisikie hoja ya upande wa pili, maana ina nguvu. Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika makala katika jarida la Science iliyosomwa dunia nzima. Mfano wake ulikuwa wa malisho. Mimi nautia tarakimu zangu ili uonekane vizuri.

Chukua malisho yanayotosha ng'ombe 100. Wafugaji ni kumi, kila mmoja ana ng'ombe kumi. Mmoja wao anawaza kuongeza wa kumi na moja. Maziwa ya ng'ombe huyo yatakuwa yake peke yake, lakini nyasi zitakazopungua zitawauma wote kumi. Akipiga hesabu anaona anapata nzima na kupoteza sehemu ya kumi. Anaongeza. Jirani yake naye si mjinga, anaongeza. Baada ya misimu michache wote wanaswaga mifupa.

Hardin alisema tiba ni mbili: ama malisho yagawanywe kila mtu apewe chake, ama serikali iyasimamie kwa nguvu. Miaka ya baadaye mwenyewe alikiri kwamba alikuwa akizungumzia mali ya pamoja isiyo na usimamizi. Lakini hoja ya kwanza ndiyo iliyokuwa imesambaa. Ukiitazama vizuri utaona jambo la ajabu: wafugaji wake hawazungumzi. Hawana kikao, hawana wazee, hakuna anayemwambia mwenzake "ndugu yangu, ng'ombe huyo umemtoa wapi?" Sijawahi kukutana na wafugaji wa namna hiyo.

Kijiji kilichoning'inia

Törbel, ambayo wenyeji huita Terbil, iko katika jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi. Kijiji kimekaa kwenye mteremko mkali juu ya bonde la mto Vispa, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, juu kidogo kuliko mji wetu wa Lushoto. Wakazi ni kama 500. Lugha yao ni Kijerumani cha Valais, ambacho Mjerumani wa Berlin akikisikia hubaki anatoa macho.

Kisheria Törbel ni komuni. Neno hilo lisikutishe: komuni ni ngazi ya chini kabisa ya serikali ya Uswisi, mfano wa serikali ya kijiji kwetu, ila yenye kodi yake, bajeti yake na mkutano wake wa wananchi wenye meno.

Mlima wote ulikuwa shamba, na kila kimo kilikuwa na kazi yake. Chini karibu na mto kulikuwa na mizabibu. Kuzunguka nyumba kulikuwa na mashamba ya rai, nafaka jamaa ya ngano inayovumilia baridi. Juu yake zilikuwepo konde za nyasi za kukata, kisha msitu, na juu kabisa, kupita mita 2,000, malisho ya wazi yasiyoota mti. Malisho hayo ya juu ndiyo wao huyaita alp. Nafaka ilihifadhiwa katika maghala ya mbao yaliyosimamishwa juu ya miguu, na juu ya kila mguu waliweka jiwe bapa la mviringo ili panya akipanda aishie hapo. Anayejua dungu au kihenge atalielewa ghala hilo bila kuambiwa mara mbili.

Mkulima wa huko aliishi akipanda na kushuka mwaka mzima, mgongoni kabeba nyasi, samadi au kuni. Na kwa nusu mwaka theluji ilifunika kila kitu. Hilo la theluji lishike, maana ndilo ufunguo wa sura hii.

Ng'ombe wa majira ya baridi

Tarehe 1 Februari 1483 watu wa Törbel walitia saini makubaliano ya kuunda chama cha kusimamia malisho ya juu, misitu na ardhi isiyolimwa. Miaka 34 baadaye, mwaka 1517, likaandikwa sharti ambalo naona lingestahili kufundishwa katika kila chuo cha kilimo: hakuna mtu atakayepeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko aliowalisha mwenyewe wakati wa baridi.

Litafakari kidogo. Wakati wa baridi ng'ombe hawezi kuchungwa nje, anakaa zizini akila nyasi kavu. Nyasi kavu hutoka kwenye konde la mtu binafsi, na haziji bila jasho: lazima konde litiwe samadi, linyweshwe maji, likatwe, nyasi zianikwe na kubebwa mpaka darini. Kwa hiyo idadi ya ng'ombe uliowavusha baridi inaonyesha ukubwa wa konde lako na bidii yako, na idadi hiyo ndiyo haki yako kwenye malisho ya pamoja majira ya joto.

Mjanja aliyetaka kununua ng'ombe ishirini bondeni mwezi wa tano, awanenepeshe kwa nyasi za bure na kuwauza mwezi wa tisa, alikuwa amefungiwa mlango. Ng'ombe wa kumi na moja wa Hardin hapo hana njia.

Kinachonivutia zaidi ni urahisi wa kulikagua. Hawakuhitaji mtaalamu wa kupima nyasi. Jirani yako anajua zizi lako lilikuwa na ng'ombe wangapi mwezi wa pili, kwa sababu aliwasikia. Ng'ombe hafichiki.

Sharti hili halikuleta usawa, na nisingependa msomaji aondoke akidhani hivyo. Mwenye konde kubwa alivusha ng'ombe wengi na kupeleka wengi, na mwenye konde dogo alipeleka wachache. Ilichokuwa nacho Törbel ni uwiano: unachukua kwa kadiri unavyoweka.

Nusu ya faini

Sharti bila msimamizi ni karatasi. Wafugaji wote walikuwa wanachama wa chama cha malisho, walikutana kila mwaka, wakajadili kanuni na kuchagua viongozi kutoka miongoni mwao. Kiongozi aliyemkamata mtu amezidisha ng'ombe alimtoza faini, na nusu ya faini hiyo ilikuwa yake.

Najua baadhi ya wasomaji wataguna hapa, wakihofia rushwa. Mimi naona watu wale walikuwa wakweli kwa nafsi zao. Walijua kumtoza jirani faini ni kununua uadui, na kwamba asiyepata chochote kwa kazi hiyo atafumba macho. Wakamlipa hadharani kwa kiwango kilichojulikana. Kwetu tunamchagua mwenyekiti wa kamati ya maji, hatumlipi, tunamtaka agombane na shemeji yake kwa ajili yetu, halafu tunashangaa akinyamaza.

Kazi nayo ilifuata hesabu ile ile. Njia zikibomoka au kibanda cha wachungaji kikipigwa na poromoko la theluji, kila familia ilitoa siku za kazi au fedha kulingana na ng'ombe iliowapeleka. Mwisho wa msimu jibini lililotengenezwa huko juu liligawanywa kwa kadiri hiyo hiyo, na siku ya mgawo ilikuwa karibu na sikukuu. Ng'ombe mmoja alikuwa kipimo cha haki, cha kazi na cha chakula. Huwezi kudai jibini la ng'ombe watatu halafu msaragambo ukaja kama mwenye mmoja.

Msituni walitumia njia nyingine. Wasimamizi walitia alama miti iliyofaa kukatwa, kisha makundi ya kaya yakapewa miti hiyo kwa kura. Aliyepata mti mbaya hakuwa na wa kumlaumu.

Kwa ufupi hadi hapa: chama kilikuwa na wanachama wanaojulikana, haki ilifungwa kwenye kitu kinachoonekana kwa macho, anayekagua alikuwa mmoja wao na alilipwa, na kazi ilikwenda sambamba na faida.

Daftari la kijiti

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wakulima wa Valais wengi hawakujua kusoma, lakini daftari walikuwa nalo.

Bonde la Vispa ni miongoni mwa sehemu kame kabisa za Uswisi. Milima imezuia mawingu, na bila kumwagilia nyasi hukauka. Hivyo tangu zamani watu wa Valais wamechimba mifereji inayoleta maji ya barafu na theluji kutoka mabonde ya juu. Penye jabali lisilochimbika walitundika mabomba ya mbao yaliyo wazi juu, yakining'inia kwenye ukuta wa mwamba, na waliokwenda kuyatengeneza kila mwaka wengine hawakurudi. Kwenye baadhi ya mifereji waliweka gurudumu dogo la maji linaloinua nyundo. Maji yakipita, nyundo hugonga mbao, na mlinzi wa mfereji akiwa kibandani kwake husikia ko, ko, ko. Mlio ukikoma, anajua mfereji umebomoka mahali, anawasha taa na kwenda.

Zamu za maji ziliandikwa kwenye vijiti. Kila kaya ilikuwa na alama yake, michongo michache ya kisu, na haki ya saa kadhaa za maji ilichongwa kwenye kijiti kando ya alama hiyo. Vijiti vya aina hiyo vilitumika hata kuhesabu ng'ombe na siku za kazi. Asiyejua herufi hata moja aliweza kushika kijiti mkononi akajua leo ni zamu ya nani.

Desemba 2023, katika mkutano uliofanyika Kasane, Botswana, UNESCO iliuingiza umwagiliaji wa jadi wa nchi saba za Ulaya, Uswisi ikiwemo, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nilifurahi kusikia kwamba heshima hiyo ilitolewa juu ya udongo wa Afrika. Wachaga wa Kilimanjaro wenye mifongo, yaani mifereji yao ya maji, na Wapare wenye ndiva wangeweza kuufuata mjadala ule bila mkalimani, kwa maana ya jambo lenyewe.

Kwa nini hawakugawana mlima?

Mtu anaweza kusema hao walikuwa wajamaa. Hapana. Mizabibu, mashamba ya rai, bustani na konde za nyasi zote zilikuwa za watu binafsi, na urithi uligawanywa sawa kwa watoto wote, wa kike na wa kiume. Waligawana mpaka ikawa mtu anamiliki robo ya banda, mwingine ghorofa moja ya nyumba. Watu wanaogawana banda vipande wangeshindwaje kugawana malisho?

Jibu alilitafuta Robert Netting, mwanaanthropolojia Mmarekani, yaani msomi anayechunguza maisha ya jamii kwa kukaa nayo. Kabla ya kufika Törbel mwaka 1970 alikuwa ameishi na Wakofyar, wakulima wa milimani karibu na Jos, Nigeria. Wakulima wa Kiafrika ndio waliomfundisha namna ya kuutazama mlima, na hilo napenda likumbukwe. Alipekua vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vya parokia akazijenga upya familia za kijiji kwa karne kadhaa, na mwaka 1981 akatoa kitabu, Balancing on an Alp.

Aligundua kwamba si kila ardhi inafaa kugawanywa. Ardhi iliyobaki ya pamoja ilikuwa na sifa hizi:

- hutoa kidogo kwa kila eka, hivyo kipande kidogo hakimfai mtu;
- mavuno yake hayatabiriki, mwaka huu nyasi ziko upande huu na mwakani upande ule;
- kuizungushia ua ni gharama kuliko faida yake;
- hufaa zaidi ikitumiwa ikiwa kubwa na nzima.

Ukigawa malisho ya namna hiyo, mwaka ambao theluji imechelewa kuyeyuka kwenye kipande chako ng'ombe wako watakufa huku wa jirani wakishiba. Wakaacha mlima mzima kwa wote, na bustani kwa mwenyewe.

Mchaga anaijua mantiki hii tangu utotoni. Kihamba cha migomba na kahawa ni cha familia, na ukikanyaga bila hodi utajibiwa. Lakini mfongo unaoleta maji kwenye kihamba hicho hauwezi kuwa wa mtu mmoja, kwa sababu unapita kwa watu wengi kabla ya kukufikia.

"Wote" ni akina nani

Nimefika kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini, na lina uchungu ndani yake. Makubaliano ya 1483 yalisema mgeni akinunua ardhi Törbel, ununuzi huo haumpi haki ya malisho ya pamoja wala ya kukata miti. Haki hiyo ilikuwa ya raia wa kijiji, na raia mpya walikubaliwa kwa shida. Törbel haikuwahi kuwa na "wote" kwa maana ya yeyote apitaye. Ilikuwa na orodha ya majina.

Hapo ndipo pampu yetu iliposhindwa. Siku ya uzinduzi tuliambiwa pampu ni ya wananchi. Mwananchi gani? Hakuna aliyeitwa jina. Kwenye ndiva, kila aliyefungua maji alijulikana ni wa ukoo gani, zamu yake ni lini na tope lake amezoa au hajazoa.

Orodha ina watu iliowaacha nje, na siwezi kuisifu Törbel bila kuwataja. Ardhi ilikuwa chache na watu walizidi, hasa baada ya viazi mviringo kuingia katika karne ya 18. Wengi walioa wakiwa wamechelewa, wengine hawakuoa kabisa, na wengine walihama moja kwa moja. Mwanamke aliyerithi sawa na kaka yake hakuwa na sauti kwenye uchaguzi: wanawake wa Uswisi walipata haki ya kupiga kura ya taifa Februari 1971, Netting akiwa ndiyo kwanza ameanza kazi yake kijijini. Karne nne na ushei za kanuni nzuri, na nusu ya kijiji ikisikiliza tu.

Kanuni ya ng'ombe wa majira ya baridi ingefanya kazi vile vile wanawake wakiwa ndani ya kikao. Hilo ndilo linaloniuma.

Mlima leo

Watu wa Törbel siku hizi hawaishi kwa rai. Wengi hushuka kufanya kazi bondeni, ambako mji wa Visp una kiwanda kikubwa cha Lonza, kilekile kilichotengeneza kiini cha chanjo ya Uviko-19 ya Moderna. Jioni wanapanda kurudi nyumbani. Maghala yenye mawe ya kuzuia panya bado yamesimama.

Mtaalamu wa sayansi ya siasa Elinor Ostrom wa Chuo Kikuu cha Indiana aliichukua habari ya Törbel akaiweka kando ya vijiji vya Japani, mifereji ya Hispania na ya Ufilipino, akaandika kitabu chake cha mwaka 1990, Governing the Commons. Alionyesha kwamba tiba mbili za Hardin zina ya tatu: watumiaji wenyewe, wakiwa na mipaka inayojulikana, kanuni walizozitunga, walinzi waliowachagua na adhabu inayoanza ndogo na kupanda. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata.

Sasa nina ombi kwako, msomaji. Kikao kijacho cha maji, cha msitu au cha malisho kijijini kwenu, nyosha mkono uombe mambo matatu: orodha ya watumiaji isomwe jina kwa jina, mama na binti wakiwemo, itajwe kazi ambayo kila jina linadaiwa mwaka huu, na aelezwe bayana atakayekagua, pamoja na malipo yake. Wakikuambia orodha haipo, omba karatasi na kalamu, uanze kuiandika hapo hapo kabla watu hawajatawanyika.